Chumba cha Pembeni cha Nietiwe

Hapo zamani, enzi ambazo nyumba ya bati katika milima ya Upare iliwafanya wapita njia wageuze shingo, paliishi mjane mmoja jina lake Nietiwe, mkulima wa tangawizi. Mumewe alimwachia watoto wawili, mkubwa akiitwa Tumsifu, shamba, na kiwanja kwenye mteremko juu ya mto. Nyumba hakumwachia. Kwa hiyo Nietiwe na wanawe walikaa kwa shemeji yake, katika chumba cha magunia.

Shemeji hakuwa mtu mbaya. Ila kila alipopata mgeni, Nietiwe alikunja mkeka akahamia jikoni na watoto. Mgeni akiondoka, wanarudi. Akija mwingine, wanakunja tena. Siku aliyoukunja mkeka huku mtoto mdogo anawaka homa mgongoni, Nietiwe aliapa moyoni kwamba atajenga.

Akaanza kuweka fedha ya tangawizi. Msimu ukaja, msimu ukapita, yeye hanunui kanga, hanunui viatu. Alipoona zinatosha, akaenda kwa Fundi Senkondo.

Senkondo alikuwa mwashi aliyejenga nyumba nyingi za bonde lile. Uzee ulikuwa umeanza kumkamata, na wakati huo hakuwa na kazi yoyote. Mwingine angeshika fedha na kesho yake akaanza kuchimba. Yeye alitaka kwanza waende kiwanjani.

"Unataka nyumba ya namna gani, Mama Tumsifu?"

"Vyumba vinne, sebule, na baraza mbele."

"Hesabu yako umeipigaje?"

"Nimehesabu matofali, mbao, bati na milango."

"Na maji ya kukandia udongo, nani atayapandisha kutoka mtoni? Mchanga je? Vibarua watakula nini? Halafu huu mteremko unataka mawe chini kabla hujaweka tofali la kwanza. Msingi peke yake utakula sana, na hakuna mtu atakayekuja kuusifia."

Senkondo akaendelea taratibu, kama mtu anayetoa habari ya msiba.

"Kwa fedha hii, vyumba vinne vitaishia juu ya madirisha. Utakuwa na kuta, nyumba hutakuwa nayo. Jenga viwili na sebule, na kimoja kidogo pembeni cha kuwekea tangawizi. Na fungu moja liweke kando usiliguse, kwa ajili ya yale ambayo mimi na wewe hatuyaoni leo."

Maneno yale yalimchoma. Akamwendea fundi mwingine, naye akakubali vyumba vinne bila hata kukiona kiwanja. Nietiwe akarudi zake amefurahi. Njiani akapita kwenye gofu moja karibu na kanisa, nyumba ambayo tangu anaolewa aliikuta haina paa. Mpapai ulikuwa umeota katikati ya chumba cha kulala na sasa ulikuwa unazaa. Alikuwa amepita pale kila Jumapili bila kuutazama. Siku hiyo alisimama akautazama sana.

Asubuhi yake alikuwa mlangoni kwa Senkondo. "Fundi, tujenge ile ndogo."

Hivyo ndivyo Senkondo alivyojipunguzia kazi kwa ulimi wake mwenyewe. Ujira wa nyumba kubwa ukawa ujira wa nyumba ndogo, na hakulalamika.

Lile fungu la kando, Nietiwe alimpa wifi yake alitunze. Nakadori, dada wa marehemu, alikuwa ameachwa na mumewe kwa kukosa mtoto, akarudi kwao, naye akawa anakaa kwa kaka yake, yule yule shemeji wa Nietiwe.

"Wifi," Nakadori akamwambia, "ukinipa mimi, sitakupa mpaka nione shida yenyewe."

"Ndiyo maana nakupa wewe."

Msingi ukachimbwa, mawe yakalazwa, kuta zikaanza kupanda. Na kuta zikishaonekana, kila mpita njia ana neno. Huyu anasema madirisha ni madogo. Yule anauliza, nyumba gani haina baraza, wageni watakaa wapi? Nietiwe akasikiliza, akasikiliza, mwisho moyo ukahama. Akamwendea Nakadori.

"Nipe zile fedha. Naongeza baraza."

"Baraza si shida."

"Wifi, fedha ni zangu."

"Ni zako. Lakini sizitoi."

Hapo Nietiwe akasema neno ambalo hakupaswa kulisema. Alisema, "Utajuaje wewe mambo ya nyumba, ambaye nyumba ya mume ilikushinda?"

Nakadori alilia. Akajifuta kwa ncha ya kanga, akarudi kupalilia. Fedha hakutoa. Walikaa bila kusemezana, wanapishana mtoni kila mtu na ndoo yake.

Kisha vuli ikaja na mvua ambayo haikutaka kukatika. Ukingo wa nyuma ya nyumba ukameguka, udongo ukauelemea ukuta wa chumba cha watoto, ukuta ukaanguka. Senkondo alisimama kwenye matope, akasema bila ukuta wa mawe wa kuzuia ule udongo, mvua ijayo itaichukua nyumba yote. Fedha ya ujenzi ilikuwa ya kuta na paa tu, wala haikuwa na ziada. Kabla Nietiwe hajafungua kinywa, Nakadori alikuwa ameshateremka mteremko na kifurushi kwapani.

"Hii ndiyo shida," akasema. "Chukua."

Nietiwe akapiga magoti pale pale matopeni kumwomba radhi. Nakadori akamwinua. "Simama, wifi. Mafundi wanataka chai."

Ukuta wa mawe ukajengwa, na wa chumba ukainuliwa upya. Ikabaki paa. Nietiwe alipokwenda dukani, bati lilikuwa limepanda bei, tena si kidogo. Alichobaki nacho hakikutosha hata kufunika sebule. Masika ilikuwa inakaribia, na matofali yalikuwa yamejengewa udongo. Masika ikizikuta kuta wazi, ingeusafisha ule udongo wote na kuziangusha. Msimu wa tangawizi ulikuwa mbali. Aliuliza kukopa huku na huku, hakupata.

Habari zikamfikia mama mkwe wake, Bibi Mbazi, aliyeishi peke yake katika nyumba ya bati ng'ambo ya kijito. Bati lile aliezekewa na mwanawe, marehemu mume wa Nietiwe. Lilikuwa ndilo kumbukumbu yake, na ndilo lililomkinga kifua chake kibovu na baridi ya mlimani. Akamwita Senkondo na mkwewe.

"Ezueni langu."

"Mama, hapana," akasema Nietiwe. "Hilo aliliweka mwanao kwa mikono yake."

"Basi nalipeleka walipo watoto wake. Mimi nimezaliwa chini ya nyasi. Nyasi hazinitishi."

Walibishana naye, wakashindwa. Senkondo akapanda, akang'oa bati moja baada ya jingine, akainyoosha misumari, akaziba matundu ya zamani kwa lami. Paa la Bibi Mbazi likaezekwa nyasi. Masika ilipofika, mvua iligonga juu ya nyumba ya Nietiwe, na ndani sakafu ilikuwa kavu. Watoto walilala mpaka jua likachomoza, bila mtu wa kuwaambia wakunje mkeka.

Mvua zilipopungua, Nietiwe alipika makande, akawaita wale watatu sebuleni kuwashukuru. Na ndipo alipoona vizuri hali zao. Bibi Mbazi alikuwa anakohoa. Nyasi zilivuja masika nzima. Nakadori alikuwa amehamishiwa chumba cha magunia, na mgeni akija ndiye anayekwenda jikoni. Senkondo, aliyefiwa na mke, alikuwa ametakiwa ahame chumba alichopanga, na nguvu za kujijengea hakuwa nazo tena.

Nietiwe akasema, "Kile chumba cha pembeni sikiwekei tangawizi. Nataka mmoja wenu akae humo maisha yake yote, kiwe chake. Vile viwili vimejaa mimi na wanangu, na cha kuongeza ukuta sina. Semeni bila aibu."

Wakatazamana. Senkondo akaanza.

"Mama Tumsifu, bila mimi ungekuwa na kuta nne kubwa na mpapai ndani. Nilikuambia kweli wakati uongo ungenilipa. Nyumba hii ilianzia kwenye ile kweli."

Nakadori akaweka bakuli chini. "Kweli uliambiwa, wifi, ukaikubali, kisha ukaisahau. Mimi ndiye niliyeishika wewe ulipoiachia. Ulinitukana, nikavumilia, na fedha ikakutwa siku ya shida. Bila mimi, fundi angekuwa amejengea mto."

Bibi Mbazi alisubiri kifua kitulie. "Fundi alitoa maneno mazuri. Binti yangu alitunza fedha isiyo yake, na akaitunza vizuri. Mimi nilitoa paa lililokuwa juu ya kichwa changu. Bila mimi mngekuwa mnakula makande haya mvuani."

Hakuna aliyemkatiza mwenzake, na hakuna aliyesema uongo. Nietiwe akawaomba basi wawili wabanane, wakakataa kwa upole. Wote watatu walikuwa wamechoka kulala kwa hisani ya mtu. Kila mmoja alitaka mlango atakaoufunga mwenyewe.

Nietiwe akaingia ndani, akatoka na ufunguo. Akasimama mbele yao, macho yake yakimtoka huyu na kwenda kwa yule, na kila alipomfikia mmoja, mkono ulitaka kunyooka.

Mkono ule ninyi mnaonisikiliza ndio mtakaounyoosha. Yuko aliyemwambia kweli, yuko aliyeilinda ile kweli ili Nietiwe asiiharibu mwenyewe, na yuko aliyejivua paa. Chumba ni kimoja. Je, ufunguo mngempa nani?