Mshipi wa Jumbe Usiokatika

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa bwawa, na bwawa lina mwenyewe.
Mwenyewe nani?
Kambare. Basi kaeni vizuri niwape habari zake, na za bibi aliyemjua kuliko sisi.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji kando ya bwawa. Jina la kijiji limesahaulika. Jina la Bi Sikudhani halijasahaulika mpaka leo.

Bi Sikudhani alikuwa mzee, mdogo wa umbo, mkali wa macho, na kazi yake ilikuwa kusokota mishipi ya kuvulia. Alichuna katani, akaianika, akaisokota juu ya paja, sokota, sokota, sokota, hata paja likawa gumu kama ubao.

Alikuwa na desturi iliyowachekesha watu. Akimaliza mshipi, huurusha juu ya boriti ya nyumba yake, akatundika kinu. Mshipi hushika. Kisha hukiondoa kinu, akaning'inia mwenyewe. Kata! Mshipi hukatika, Bi Sikudhani akaanguka chini, puu. Huinuka, akajipangusa vumbi, akasema, "Huu unafaa." Ndipo husokota mwingine wa unene uleule, akampa mvuvi.

Watu wakacheka. Fundi gani huyu anayesifu mshipi kwa kukatika?

Sasa, bwawani alikuwamo kambare. Bata wakiogelea, chubwi, bata mmoja hayupo. Hakuna aliyemwona kambare huyo mzima. Huyu aliona ndevu, yule aliona mkia, na wale ambao hawakuona kitu ndio waliojua urefu wake.

Jumbe Mwinyikondo, mkubwa wa kijiji, alikuwa anaoza binti yake. Akawaambia wakwe, "Siku ya harusi mtakula kambare wa bwawa letu. Kichwa chake peke yake kitajaza chungu." Wakwe wakafurahi. Walipokwisha kuondoka, Jumbe akakumbuka kwamba kambare bado yumo majini.

Akaenda kwa Bi Sikudhani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Jumbe."

"Nataka mshipi wa kambare. Usiokatika."

Bi Sikudhani akaendelea kusokota. "Kambare yule akivuta, lazima kitu kiachie. Mshipi usipokatika, kitakatika nini?"

Jumbe akafikiri. "Nguvu za kambare."

"Na mvuvi je?"

"Mvuvi ni mdogo wangu, Mfaume. Unamjua alivyo na nguvu."

"Namjua. Ndiyo maana nakuuliza. Mimi huchagua mshipi unaomweza samaki lakini haumwezi mtu. Samaki akizidi, tumepoteza mshipi. Mshipi najua kuusokota, Jumbe. Mtu sijui."

"Maneno yako mazuri, bibi," Jumbe akasema. "Lakini harusi iko karibu."

Amri ya Jumbe ni amri. Bi Sikudhani akachanganya katani na magome ya myombo na kano za nyati. Sokota, sokota, sokota. Akautundikia kinu, ukashika. Akaning'inia mwenyewe, ukashika. Akamwita Mfaume, naye akaning'inia. Mshipi kimya. Boriti ikalia, kwaaa.

Kijiji kizima kikautazama mshipi. Bi Sikudhani akaitazama boriti.

"Mfaume, mwanangu," akamwambia, "huu usiufunge mtumbwini. Ushike mkononi, upate kuuachia."

"Ndiyo, bibi."

Lakini walipofika ukingoni Jumbe akasema, "Mkono huteleza. Funga kwenye pua ya mtumbwi."

Mfaume akasimama na mshipi mkononi. Moyo wake ulimwambia neno la bibi, na mbele yake amesimama kaka yake, na nyuma ya kaka yake watu wote wanatazama. Akaufunga. Akapiga kafi mpaka katikati, akatia utumbo wa kuku uliooza kwenye ndoana, akautupa. Chubwi.

Kimya.

Kisha mshipi ukakaza, na mtumbwi ukageuka wenyewe.

"Mnaona?" Jumbe akawaambia watu. "Haukatiki."

Mtumbwi ukakokotwa kuelekea kwenye kina, buru, buru, buru. Pua yake ikainama.

"Haukatiki," akasema Jumbe.

Maji yakaingia. Mtumbwi ukapasuka ubavuni, paa, na kunjo la mshipi likamnasa Mfaume mguu. Akazama, akaibuka, akazama.

"Haukatiki," akasema Jumbe, lakini safari hii kwa sauti ndogo.

Bi Sikudhani alikuwa ndani ya kimtumbwi chake karibu na matete, na kisu alichokinoa tangu asubuhi. Akapiga kafi kama msichana. Akaudaka mshipi, akaanza kukata, keketa, keketa, keketa. Katani ikakubali. Magome yakakubali. Kano za nyati zikakataa. Hapo ndipo alipojuta kuwa fundi. Akauma meno, keketa, keketa, mpaka ukaachia.

Mfaume akaibuka, akashika ukingo wa kimtumbwi. Alipofikishwa nchi kavu akatapika maji, akalia mbele za watu, wala hakujali.

Jumbe akaja mbio. "Bibi, umekata mshipi wangu."

"Nimeukata, Jumbe. Mdogo wako huyu hapa."

Jumbe akamtazama Mfaume, akakaa chini matopeni na kanzu yake, akashika ule mguu uliochunika. Hakusema tena habari za mshipi siku ile.

Asubuhi ya harusi wanawake waliokwenda kuteka maji wakaona kamba inatikisika kwenye mizizi kando ya bwawa. Kambare alikuwa ameburura mshipi wake mpaka ukazongwa mizizini, akachoka. Watu wakavuta, hee, hee, akatoka. Hakuwa mkubwa kama walivyosema wale ambao hawakumwona. Lakini kichwa kilijaza chungu.

Wakwe wakala, wakasifu. Nao watu wakisifiwa husahau haraka. Jumbe akasimama katikati ya karamu. "Wakwe zangu, huyu ametoka kwa mshipi wangu. Haukukatika."

Vigelegele vikapigwa. Mfaume, mguu umefungwa majani, akamtazama Bi Sikudhani. Bibi akamaliza kwanza kutafuna.

"Kweli haukukatika," akasema. "Ulikatwa."

Waliokaa karibu walisikia yote. Waliokaa mbali walisikia nusu ya kwanza, na hiyo ndiyo waliyokwenda nayo kwao. Kwa hiyo nchi nzima ikausifu mshipi wa Jumbe usiokatika.

Lakini wavuvi wa kijiji wakaanza kupitia mlango wa uani kwa Bi Sikudhani, mmoja mmoja. Mfaume alikuwa wa kwanza. Kila mmoja aliomba ule mshipi wa zamani, na hakuna aliyecheka.

Siku moja akaja Jumbe.

"Bibi, nataka kwenda kuvua mwenyewe."

"Nikupe mshipi gani, Jumbe?"

Jumbe akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Unaokatika," akasema. "Tena uwe unakatika mapema."

Basi wenzangu, mshipi wa kumpa mwenzako huchaguliwa kwa sifa. Wa kwenda nao mwenyewe huchaguliwa kwa akili. Mwenye kutuma watu na ajitume kwanza.

Hadithi yangu imeishia hapo ukingoni. Mimi majini siingii.