Kete Mbili za Faki

Kete iliyo mfukoni haishindi bao. Bi Mize, jirani yetu, alimwambia hivyo kaka yangu Khatib, aliposema leo haendi chamani, amechoka, wenzake watacheza kesho. Tukamuuliza Bi Mize maneno hayo kayatoa wapi. Akaweka chini ukili aliokuwa akisuka.

"Yalianzia kwa baba yangu mzazi," akasema, "na mimi nilikuwepo."

Enzi hizo chama cha bao hapa Kidongoni kilikuwa na watu thelathini na wawili, kama leo. Kete ni sitini na nne. Kila mtu alikwenda na mbili kwake, na alasiri huja nazo mwenyewe. Akikosa mmoja, bao halichezwi. Wazee waliweka hivyo makusudi, ili watu watafutane.

Sasa baba yangu, Faki, akaanza kukosa. Leo shamba, kesho mafua. Akiulizwa husema, "Kete mbili tu hizo. Mtacheza kesho." Wenzake wanakaa, wanatazamana, wanarudi makwao.

Ikafika siku ya kushindana na mtaa wa Mfereji. Sharti lilikuwa moja: kivuli cha msikiti kikigusa baraza na kete hazijatimia, wageni wanaondoka na bao la mwenyeji. Na bao lile Mzee Shaame, mkubwa wa chama, alilichonga kwa mkono wake, miaka miwili, gogo la mfenesi.

Wageni walikuja na ngoma. Mtaa mzima ukajaa, mimi nimepanda juu ya kinu nione. Mzee Shaame akahesabu kete. Sitini na mbili.

"Nani hajaja?"

"Faki. Kaenda kupalilia muhogo."

"Tuokote kokoto mbili," mtu akasema.

Kombo, mkubwa wa wageni, akatikisa kichwa. "Kokoto naye mwanachama wenu? Haya, mwiteni jina lake, aitike."

Watu wakacheka, hata wa kwetu. Vijana wakatumwa mbio shambani, wakakuta muhogo peke yake. Kivuli kikapanda ngazi, ya kwanza, ya pili, kikagusa baraza. Mzee Shaame akalipapasa bao lake. Wageni wakajitwika kichwani, ngoma ikalia.

Kumbe baba alikuwa anarudi kwa njia ya mtoni. Aliposikia ngoma akadhani tumeshinda, akaanza kucheza, jembe begani, kiuno huku na huku. Anacheza hivyo mpaka akakutana nao.

"Bao la nani hilo?"

"Lenu," Kombo akasema.

Baba akatia mkono mfukoni, akatoa kete mbili. "Basi rudini. Hizi hapa."

Kombo akamjibu, "Bwana, kete iliyo mfukoni haishindi bao. Ijumaa njooni kwetu mlikomboe. Lakini nyote, hata mmoja asipungue."

Siku nne zilizobakia baba hakulima. Alizunguka nyumba kwa nyumba: "Zako unazo? Utakuja?" Watu wakamwambia, "Leo wewe ndiye wa kutuuliza?" Akasema, "Nitukaneni, lakini mje."

Ijumaa wakaenda thelathini na wawili, sisi watoto na mama zetu nyuma. Bao likachezwa mpaka jasho likadondokea kwenye mashimo. Mzee Shaame alipoila kete ya mwisho ya safu ya mbele ya Kombo, vigelegele vilinipasua masikio. Vijana wakataka kumpokea bao, akakataa. Alilibeba mwenyewe, mzee yule, mpaka Kidongoni, na baba akicheza mbele yake. Safari hii alikuwa na haki ya kucheza.

Bi Mize akafungua pindo la khanga. Ndani mlikuwa na kete mbili, zimesuguka mpaka zinang'aa.

"Kaniachia hizi. Tangu afe sijakosa siku." Akamtazama Khatib. "Zako ziko wapi, mwanangu?"

Khatib akajipapasa mfukoni. Zilikuwemo. Alivaa kandambili zake, na tulipotoka na Bi Mize yeye alikuwa amekwishafika njia panda, anatupungia mkono tufanye haraka.

Kete iliyo mfukoni haishindi bao.