Sindano ya Saa Mbili

Hapo zamani, zamani hii hii ya juzi ya simu za kupapasa, huko Lushoto palikuwa na nesi aitwaye Mkunde. Mama yake alikuwa na kisukari. Sindano ya asubuhi Mkunde alimchoma mwenyewe, lakini ya saa mbili usiku, yeye yuko zamu, mama aliisahau. Mkunde akataka programu ya simu ya kumkumbusha mama na wagonjwa wote wa zahanati.

Wakaja mafundi watatu wa programu, kila mmoja anasifia zana zake. Mkunde akawatazama kwa jicho la pembeni. Mbona wanasifia majembe na shamba hawajaliona? Hawa wana lao jambo.

Shekiondo alijenga programu yake kwa zana za simu za bei kubwa tu. Haikukosea hata dakika, ila kwa mama haikufunguka, wala kwa wagonjwa wengi. Zaina alitumia zana ya kuandika mara moja ikafanya kazi kwenye simu zote. Hoza alitengeneza ukurasa wa kufungua mtandaoni. Mtandao ukikatika mlimani, nao kimya.

Basi Mkunde akaweka ya Zaina kwenye simu ya mama. Akajaza mbili, akachagua PM. Kumbe saa ya zana ile haijui kuhesabu saa za Kiswahili! Ikalia saa nane mchana. Mama, mtiifu, akajichoma, na chakula hajala.

Hoza ndiye aliyeingia mbio, akamkuta anatetemeka, akamnywesha chai ya sukari mpaka akatulia. Mkunde alipofika akamshukuru, halafu akamwuliza: wewe ulijuaje?

Hoza akainamisha kichwa. “Kosa nililiona juzi, dada. Nikanyamaza ili Zaina aaibike. Leo niliposikia iko kwa mama, nikakimbia. Na ukurasa wangu tangu mwanzo unazijua saa zetu.”

Zaina na Shekiondo nao wakaitwa. Zaina akasema, “Sikuuliza, kosa ni langu. Nimeshalirekebisha, na ni yangu pekee inayomfikia kila mgonjwa.”

Shekiondo naye, “Yangu haijamdhuru mtu. Wagonjwa wasubiri wapate simu nzuri.”

Mkunde akawapima mmoja mmoja, roho haimtulii kwa yeyote. Kesho yake anaingia zamu, na mama ameshika simu mkononi, anauliza, “Mwanangu, leo niifuate programu ipi?”

Mimi simo, msiniulize. Je, wewe ungekuwa Mkunde, simu ya mama yako ungemkabidhi nani?