Baiskeli ya Nyanzobe

Rangi haiungi ufa. Mliisikia jana ikisemwa mkutanoni, wengine mkacheka, sasa mnauliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi, na siku ile hakucheka mtu.

Hapa Mwangika palikuwa na fundi baiskeli aliyeitwa Lugembe. Mkewe, Kabula, alifia uzazi kwenye zahanati yetu, wiki ileile kuta zake zilipopakwa rangi kumpokea mgeni wa wilaya. Nje kulimeremeta, ndani hapakuwa na mganga wala glovu. Lugembe akabaki na binti mmoja, Nyanzobe, na kinyongo kwa kila anayekaa viti vya mbele.

Nyanzobe alijaliwa miguu. Kwa baiskeli ya chuma, nzito kama mlango wa jela, aliwaacha wasichana wa tarafa nzima. Alipofika miaka kumi na tisa ikatangazwa kwamba mshindi wa mbio za wanawake angechukuliwa na timu ya mjini, ale huko, alale huko, apate na mshahara. Lugembe akauza ng'ombe wake wa mwisho. Akaenda mnadani akarudi na fremu ya kaboni iliyotoka kwenye mitumba, nyeusi tii, isiyo na jina la kiwanda wala namba. Ukiinyanyua kwa vidole viwili, inakuja kama kibuyu kitupu.

Akaiunda polepole, gia leo, breki kesho. Alimpima binti yake kwa uzi kutoka nyongani hadi kisiginoni, akapiga fundo, na kwa uzi huo akakata mti wa siti, lile bomba linaloibeba. Usukani nao akaukata ufuate mabega yake. Baiskeli ya kipimo kile haikuwapo nyingine.

Lakini Lugembe alikuwa fundi wa chuma. Yeye alifunzwa kwamba nati hukazwa mpaka spana ikatae. Siku tatu kabla ya mbio, akikaza kibano cha siti, akasikia tik, kama chawa anayepondwa kwa ukucha. Akapitisha ukucha wake pale. Ufa, mwembamba kama unywele. Chuma angekichomelea. Kaboni angeichomelea na nini?

Akaenda kwa Kasubi, mwenyekiti wa kamati ya mbio, akamwomba Nyanzobe apande baiskeli yake ya zamani. Kasubi hakutaka kusikia. Alikwisha kumwahidi mgeni rasmi kuwa atamwona binti wa Mwangika juu ya kaboni. Akaingia ndani, akatoka na kopo la rangi ya kijani, rangi ya kamati.

"Ipake hii, mzee. Mgeni anatazama rangi, hatazami fremu."

"Mwenyekiti, ina ufa."

"Ufa upi huo? Mbona siuoni?" Kasubi akainama, akatazama, akainuka. "Wewe tangu ufiwe unaona nyufa kila mahali. Basi nimfute jina?"

Lugembe akalishika kopo. Hapo ndipo panapomuuma mpaka leo, kwamba mkono uliolishika ulikuwa wake. Akapaka mara mbili. Ilipokauka, hata yeye hakuuona tena.

Asubuhi ya mbio Nyanzobe akaizunguka, akaipapasa. "Baba, umeikagua?"

"Imekaguliwa, mwanangu."

Akatangulia tangu mwanzo. Wanaosimulia wanasema alipita kinu cha pamba akiwa peke yake, wa pili wake hata vumbi lake halionekani. Kwenye tuta la pale kinuni fremu ikakatika chini ya siti. Chuma kikichoka hulia kwanza, ile haikulia. Akaangukia mgongo.

Wakampeleka zahanati. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi mpya, maana mgeni rasmi alikuwa apite. Mganga hakuwapo, alikuwa jukwaani na wakubwa. Lugembe akakaa kwenye benchi lilelile alilokalia siku ya Kabula. Lori la kumfikisha hospitali likapatikana jioni, na huko wakamwambia kwamba binti hatatembea.

Mwezi wa pili tangu ajali Kasubi akaja na wanakamati na mpiga picha, wakisukuma kiti cha magurudumu, cha kijani, kinang'aa. Akasema kamati imeguswa. Akasema pia ni bahati mbaya, fremu zisizo na jina haziaminiki. Nyanzobe alikuwa kwenye mkeka, akitazama ukutani.

Lugembe akakisogelea kiti. Akapiga goti, akapitisha ukucha kwenye kiungo cha gurudumu. Rangi ikabanduka kama gamba. Chini yake kutu, na chini ya kutu, ufa.

"Mwenyekiti," akasema, taratibu, kama anayemwelekeza mtu njia, "rangi haiungi ufa. Mimi niliijua hiyo nikiwa nimeshika brashi. Wewe uliijua lini?"

Kasubi akamwambia mpiga picha afunge kamera. Wakaondoka bila kuaga.

Kiti hakukirudisha. Angekirudisha, binti yake angekalia nini? Alikikwangua rangi yote kwa msasa, kutwa nzima, kisha akakichomelea, maana kile kilikuwa chuma, na chuma huungika. Nyanzobe akamwita kutoka mkekani.

"Baba, umekikagua?"

Akasogeza kiti karibu naye, akamshika mkono, akaupitisha kidole kwa kidole kwenye kila kiungo, auhisi mwenyewe mshono wa moto. Hakukipaka kitu. Mpaka leo kiti kile ni chuma kitupu, na Nyanzobe yumo.

Rangi haiungi ufa.