Mashambo Aliyeanzia Kwenye Chanzo

Zama zile ambazo mababu wa mababu zetu walikuwa wamepanda mlima Nkweme wakiikimbia njaa ya tambarare, na Mbaghe ilikuwa bado nyumba kumi na nne tu, Nakijwa binti Sekiete alikuwa amekaa mlangoni mwake akipukuchua mahindi ya makande alipofikiwa na habari kwamba mfereji wa mumewe umekataa maji. Mumewe alikuwa Mashambo, mwana wa Kiondo, mwana wa Mrutu aliyewaongoza watu mlimani. Mashambo Bega la Mbaghe, Mgongo Usiojua Vumbi, kwa maana katika mieleka yote ya mavuno hakutokea mtu wa kumlaza chini.

Aliyeleta habari ni Mbonea mhunzi, ambaye mkono wake wa kushoto ulipinda tangu Mashambo alipomwangusha mara ya tatu. Alikuja akitabasamu.

"Mama Namsifu, weka chini hilo gunzi. Bingwa wako kaangushwa."

"Na nani?"

"Na maji. Mfereji umefika kwenye kijito ukapita juu yake. Maji yako magotini, mfereji uko kichwani! Miezi mitano kachimba. Sasa labda aufundishe mto kupanda ngazi."

"Ameumia?"

"Mwili, hapana."

"Basi sogea, Mbonea, umenizibia mwanga."

Aliendelea kupukuchua, lakini moyo ulikuwa umemshuka. Kisima cha Mbaghe kilikuwa kimekauka, na wanawake walitoka alfajiri wakarudi adhuhuri na mtungi mmoja. Wazee walikwishatamka kwamba, maharage yakivunwa na maji hayajafika, Mbaghe itavunjika na kila nyumba itashika njia yake. Nyumba mbili zilikuwa zimeondoka tayari, na moja ilikuwa ya dada yake. Dada huyo ndiye aliyepoteza mtoto siku ile ya kupanda mlima: walifika juu, wakawasha moto, wakapakua chakula, ndipo wakagundua kwamba mmoja hayupo, na hakupatikana tena. Tangu hapo Nakijwa hakumgawia mtu chakula kabla ya kuwahesabu watu wake wote kwa majina. Alikuwa na watoto saba. Hakutaka kitu kingine duniani zaidi ya kuendelea kuwahesabu mahali pale pale.

Na kosa lilikuwa la Mashambo mwenyewe. Kila mchimba mfereji mlimani anajua kwamba kazi huanzia kwenye maji, ukivuta kijito chembamba nyuma yako, ili maji yenyewe yakuonyeshe mteremko. Mashambo alilijua hilo kuliko wengi. Lakini huko juu kwenye chanzo ni msitu mtupu na baridi, hakuna wa kukutazama; akaanzia kijijini, penye uwanja wa mieleka, ngoma zikilia na wasichana wakimtaja katika nyimbo.

Alirudi jioni ile akakaa kwenye kigoda chake. Nakijwa alihesabu watoto, akamtaja na yeye, akamsogezea bakuli.

"Kula," alisema. "Ukilala njaa, aibu itabaki ile ile na kesho huna nguvu ya kuibeba."

Walikuwa bado wanakula alipoingia Yafesi, mwalimu wa dini, mtu mfupi mwenye kikohozi, ambaye mwaka uliopita alimbatiza Mashambo. Ubatizo huo Mashambo aliupokea kama alivyokuwa akipokea mbuzi wa ushindi, kidevu juu.

"Mashambo," alisema Yafesi, "kwa nini ulianzia kijijini?"

Nakijwa akajibu badala ya mumewe, "Ndiko kulikokuwa na watu, mwalimu."

Yafesi hakucheka. Alisema, "Nguvu zako hukujipa. Ulipewa, na aliyekupa alizaliwa zizini, akafanya kazi ya mikono miaka mingi katika mji mdogo kabla mtu yeyote hajamshangilia. Nenda kwenye chanzo. Chimba pale ambapo Mungu peke yake anakuona. Ukiweza hatua moja bila shangwe, utaweza na ya pili, na hapo ndipo ubingwa wako utakapoanza."

Asubuhi Mashambo hakwenda kwanza msituni. Alikwenda kwenye kiwanda cha Mbonea, akapiga magoti katika majivu mbele ya watu waliokuja kunoa majembe.

Mbonea aliruka nyuma. "Wewe! Mbinu gani hii mpya? Siku hizi unaanza kumshika mtu miguuni?"

"Nilikuvunja mkono nikacheka," alisema Mashambo. "Nisamehe. Na nakuomba tuongozane, maana unaujua mwamba na mimi siujui."

Wanasema Mbonea alimwangalia muda mrefu, akimsubiri asimame. Hakusimama. Hatimaye mhunzi alimwambia, "Inuka bwana, unanichafulia majivu," akatafuta mitaimbo yake.

Wakaenda watu kumi na wawili, Mashambo mwenyewe akiwemo. Kila alfajiri Mashambo alipiga magoti kwenye ukungu, akaomba maneno machache, kisha akachimba, na kijito chembamba kama kamba kikamfuata nyuma. Kilipokataa, alirudi akachimba upya, bila hasira. Walipofika kwenye jabali linaloitwa Ukingo wa Fisi, walirundika kuni juu yake, wakawasha moto, na mwamba ulipopata moto sana wakaumwagia maji baridi hadi ukapasuka. Na mzigo wa kuni wa watu wanne Mashambo aliubeba peke yake, kimya, yeye ambaye zamani hakuinua hata kinu bila kutazama pembeni aone nani anamwangalia.

Huku chini Nakijwa aliuona moshi. Alikuwa akisimama na mchi mkononi akiutazama, kisha akajikemea akaendelea kutwanga. Jioni alihesabu, na alipofika kwenye jina la baba, watoto walimtazama naye akajibu mwenyewe, "Yuko kwenye chanzo," akapakua. Kwake hiyo ilikuwa hesabu kamili.

Kila Jumamosi Mashambo alirudi nyumbani, kwa sababu siku ya Bwana hakugusa jembe, ingawa wazee walimcheka kwamba anatupa siku moja kila wiki na maharage yanakomaa. Jumapili moja Nakijwa alimwambia, "Unaomba sana, baba Namsifu, na paa linavuja." Mashambo alisema amina, akapanda juu ya paa. Jumatatu Nakijwa aliamka akakuta mumewe ameshaondoka, na yale aliyotaka kumwambia yalikuwa bado kinywani mwake. Ilikuwa hivyo kila wiki. Alimtamani mumewe kuliko alivyomtamani alipokuwa mchumba, na hakupata nafasi ya kumwambia, maana kulikuwa na kuni, na mtungi, na watoto saba.

Siku ya mwisho, maharage yakiwa yamebakiza wiki moja, kulibaki jiwe moja tu, juu ya Ukingo wa Fisi, lililozuia maji mengi ya chanzo. Watu walikuwa wameinama ndani ya mfereji mwembamba wa Ukingo wa Fisi wakiondoa kifusi, jiwe lilipoanza kusogea lenyewe. Mashambo aliliwekea bega. Alisema, "Tokeni. Mbonea, wahesabu." Nao wakatoka mmoja mmoja, Mbonea akihesabu kwa sauti, na bega lile halikutikisika mpaka aliposikia kumi na moja. Kisha maji yakaja yote kwa pamoja.

Walimtafuta hadi chini ya poromoko. Waliona jiwe. Yeye hawakumwona, wala siku hiyo, wala nane zilizofuata.

Maji yalifika Mbaghe kabla ya watu waliokuwa wakimtafuta. Wanawake waliyakimbilia wakipiga vigelegele, na Nakijwa, asiyejua lolote, aliyachota ya kwanza akaoshea mahindi na maharage. Makande yalikuwa yameiva Mbonea alipokuja kusimama mlangoni. Safari hii hakutabasamu, na hakuna aliyemwambia asogee. Alisema neno moja tu, "Mama Namsifu," akashindwa.

Nakijwa alishika nguzo ya mlango. Kisha, kwa kuwa watoto walikuwa na njaa na chungu kilikuwa kimeepuliwa, alimwambia, "Ingia, Mbonea. Kaa hapo." Alikuwa akionyesha kigoda cha mumewe. Akachukua upawa.

"Namsifu."

"Nipo."

"Kiondo. Elinaja. Nanzia."

"Nipo." "Nipo, mama." "Nipo."

"Mrutu. Yonaza. Namkunda."

Wote walikuwepo.

"Mbonea."

Mhunzi alifuta uso kwa mkono wake uliopinda. "Nipo."

"Baba Namsifu."

Watoto walimtazama. Nje maji ya mfereji yalikuwa yanapita, na yalisikika.

"Yuko kwenye chanzo," alisema Nakijwa, akaanza kupakua.

Mbaghe haikuvunjika, nyumba zilizoondoka zilirudi, na ya dada yake ilikuwa ya kwanza. Na hadi leo huku kwetu, mtu akifariki, hatusemi amekwenda. Mama wa nyumba humtaja katika hesabu ya jioni, humjibia kwa maneno yale yale, kisha chakula hugawiwa, na sote huwa tupo.