Kiti cha Mbele cha Mama Hiza

Hii usiipeleke kwenye kundi kabla hujaimaliza. Na kama umeoa, isome taratibu.

Kule Tanga, Mzee Shemdoe alistaafu akajenga nyumba, akatenga chumba cha familia kutazamia filamu. Ila kiwanja kilikatwa na mtaro, basi chumba kikatoka na pembe tano, ukuta mmoja umekwenda upande na dari limeinama.

Sauti humo ndani ilikuwa balaa. Neno likitoka kwenye filamu linagonga ukuta huu, linarudishwa na ule, mwisho unasikia uji mtupu.

Mkewe, Mama Hiza, masikio yake yalishaanza kuchoka. Kila mara alimgusa mumewe: "Amesemaje huyo?" Watoto nao wanamnyamazisha, eti tunasikiliza. Siku moja akaaga mapema kwenda kulala, na tangu hapo hakurudi tena kutazama. Wenzake wanacheka huku, yeye yuko chumba cha kulala peke yake.

Mzee ilimuuma sana. Miaka yote wametazama pamoja, leo kiti cha ubavuni mwake kitupu. Akamwita Tumsifu, dada mmoja fundi wa sauti.

"Mwanangu, nataka mke wangu asikie kila neno. Lakini usimwambie, nataka kumshtukiza."

Tumsifu akapiga makofi kila kona, akisikiliza yanavyorudi.

"Mzee, chumba hiki hakilingani. Hatuwezi kukifanya kisikike vizuri kwa kila mtu. Tuchague kiti kimoja, tupange yote kwa ajili ya hicho. Mama atakaa wapi?"

"Mbele, katikati. Huyo ndiye mgeni rasmi."

Haya. Likatandikwa zulia zito, yakaja mapazia manene, na mbao zilizojazwa sufu zikafungwa darini na kwenye ule ukuta wa upande. Kiti cha mama kikawekwa mbele, peke yake. Mzee na watoto wakasogea nyuma kwa heshima.

Mama akaletwa, akaketishwa, filamu ikaanza.

"Unasikia, Mama Hiza?"

"Nasikia vizuri. Ahsanteni sana."

Watoto wakafurahi. Lakini mama hatulii, kila saa anageuza shingo kutazama nyuma. Haukupita muda akanyanyuka, akaelekea mlangoni.

"Kulikoni, mke wangu? Sauti haitoshi?"

"Inatosha, Baba Hiza." Machozi yakamlenga. "Niliondoka kwa kuwa nilikuwa nawasumbua. Lakini wakati ule sisikii, nilikuwa nakutazama wewe. Ukicheka nacheka, ukinyamaza najua kuna mtu kafa. Leo mmenipa maneno yote, mkaninyang'anya uso wako."

Wanaume bwana! Tunapanga dari na ukuta, mwenye masikio hatumuulizi.

Mzee akabeba kiti chake mwenyewe, akakiweka ubavuni mwa cha mkewe, akavigeuza vyote viwili kidogo vielekeane. Tumsifu, aliyebaki kuona kazi yake, akashika kiuno.

"Mzee, hapo umenivuruga. Itabidi nipange upya, na hata hivyo maneno mengine yatapotea."

Mama Hiza alikuwa ameshaketi, mkono wake umo mkononi mwa mumewe.

"Yapotee, mwanangu," akasema. "Huyu yupo."

Funzo: Umpendaye muulize kwanza anakosa nini. Usimpambie kiti cha heshima, halafu ukamwacha akikalie peke yake.