Shoto Asiye na Mlango

Hapo zamani za kale, enzi ambazo maji yakiitwa yalikuwa yanaitika, palikuwa na bwawa lenye ukungu usioondoka. Sogeeni karibu. Na wewe unayecheka-cheka huko nyuma, tulia. Kicheko chako kitakauka sasa hivi.

Bwawani humo waliishi konokono wa majini, kila mmoja na nyumba yake mgongoni. Bi Mviringo alikuwa mkubwa kama ngumi, na nyumba yake ilikuwa na mlango mgumu. Akiogopa hujifungia, pah! Msumari alikuwa mwembamba, mrefu, naye alikuwa na mlango. Ngata alikuwa bapa, amejiviringa kama ngata ya kubebea mtungi, hana mlango hata wa kusingizia.

Tena palikuwa na Shoto. Kadogo, kama punje ya hindi! Yatima huyo alilelewa na Bi Mviringo, naye hakuwa na mlango. Ukimsimamisha ncha juu, mdomo wa nyumba yake, pale anapotokea, ukikutazama, mdomo huo uko kushoto. Wa Bi Mviringo na wa Msumari uko kulia.

"Kushoto ni upande wa mizimu!" majirani walimcheka.

Ilimuuma, jamani. Lakini mwenye kuchekwa hujifunza. Shoto aliwaza kushoto na kulia mpaka akavijua kuliko wote.

Sasa, juu yao alikuwapo Korongo. Mdomo wake haufungiki katikati, una mwanya, na pumzi ikipita hapo hulia fyuuu. Mkisikia fyuuu, halafu kok! basi kuna nyumba imebaki tupu. Magamba matupu yalilala ukingoni, na upepo ukipita yaliimba: uuuu. Mume wa Bi Mviringo alikuwa mmoja wa walioliwa.

Asubuhi moja ukungu ulikuwa mzito. Fyuuu! Korongo akamnyakua Bi Mviringo, akamtupa ukingoni. Pah! Bi Mviringo akajifungia.

"Jifunge tu, bibi," Korongo akasema. "Hata mlango wa mumeo niliufungua."

Shoto alikuwa pale pale ukingoni akila ukoga. Moyo ulimlipuka. Mama mwingine atampata wapi? Akajitosa ndani ya gamba tupu lililokuwa karibu, akatoa sauti nzito ya mwangwi.

"Korongoooo! Unatia mdomo kwenye kaburi la nani?"

Korongo akaruka. "Lahaula! Nani wewe?"

"Uliyemla. Tumerudi, tumeingia katika nyumba za bwawa hili. Ukimla mmoja wetu tena, tutalia tumboni mwako mpaka ukonde ufe."

"Sasa... sasa nitawajuaje?"

"Chomeka ncha ya nyumba kwenye tope, mdomo wake ukutazame. Ukiwa kushoto, huyo ni wetu."

Ncha chini, mmesikia? Mkifika nyumbani shikeni kikombe, mkono wake uwe kulia. Kizungusheni kama usukani mpaka kiwe kichwa chini. Mkono umehamia wapi? Haya basi.

Korongo akamchomeka Bi Mviringo. Mdomo, kushoto! Akamvua Msumari, akamchomeka. Kushoto! Akamvua Ngata.

"Huyu hana ncha! Nimchomeke vipi?"

"Asiye na juu wala chini," gamba likanguruma, "huyo ndiye mkubwa wetu."

"Yarabi!" Korongo akamwachia Ngata majini, chubwi! Kisha akainamisha shingo. "Lakini wewe unayesema, mbona sauti yako iko karibu hivi?"

Akalipindua gamba. Po! Shoto akaanguka chini. Korongo akamchomeka ncha kwenye tope, akamtazama.

"Kulia! Ahaa! Wewe ni mzima!"

Maskini Shoto! Alikuwa amewafikiria wote, amejisahau yeye. Mlango wa kujifungia hana. Mdomo wa Korongo ukashuka, fyuuu, ukamgusa.

"Ni mzima, ndiyo," Shoto akasema. "Mzima peke yangu. Nimewekwa kuwakalia hawa matanga. Nile tu, Korongo. Lakini matanga hayaachwi bila mtu. Ukinila, mkeka ni wako, na hapa hutoki."

Korongo akahema kwa hofu. Pumzi ikapita kwenye mwanya wa mdomo wake, ikayapiga magamba ukingoni.

Fyuuu, akalia yeye. Uuuu, yakajibu magamba.

"Wanaitika!" Purrr! Korongo akapotelea kwenye ukungu. Bwawa lile hakulirudia.

Bi Mviringo akafungua mlango kidogo tu.

"Mwanangu, u mzima?"

"Mzima, mama."

"Unajua gamba ulilojificha ni la nani? La mume wangu."

"Sikujua, mama. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Umeniokoa. Maana nilipochomekwa pale pumzi ziliniishia, nikataka kufungua mlango nipumue. Ndipo uliponinong'oneza, 'Usifungue bado, mke wangu.' Ulimwigiza vizuri mno, hata nikalia."

Shoto akamtazama.

"Mama, mimi sikusema hivyo."

Hapakuwa na upepo. Maji yalikuwa yametulia kimya. Lakini pale ukingoni, lile gamba tupu liliimba polepole: uuuu.

Pah! Msumari akajifungia. Ngata akazama matopeni. Shoto hakuwa na mlango, kwa hiyo alijisogeza ubavuni kwa mama yake, na Bi Mviringo akaacha wa kwake wazi.

Hadithi yangu imezama hapo, nanyi jueni hili: ukikubali kuonyeshwa kitu kichwa chini, hata ukweli utauona kinyume.